Aliyetufundisha Baridi

Katika mtaa wetu wa Kolwezi, mtu hakuenda Ulaya kabla ya kupita kwa Direktrisi. Wala hukuhitaji kumtafuta. Habari ya pasipoti mpya ilimfikia mapema kuliko ilivyomfikia mwenye pasipoti, na siku moja ukikatiza mbele ya baraza lake na mawazo yako mwenyewe, ulisikia sauti ikitoka kivulini: "Weye, kuya hapa. Utaenda Bulaya na shingo ile?"

Shingo yako haikuwa na ubaya wowote ila ilikuwa wazi. Kwa Direktrisi safari ya Ulaya ilianzia shingoni.

Alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya wasichana, kisha akastaafu, lakini cheo chenyewe hakikustaafu. Mama zetu waliosoma kwake walimwita Direktrisi, sisi watoto wao tukamwita Direktrisi, na marehemu mume wake, mtu mpole aliyefanya kazi ya reli, naye alimwita Direktrisi hata akiomba chumvi mezani. Ukifika kwake ulisimama kwenye mstari. Mbele yako hakuna mtu, nyuma yako hakuna mtu, lakini unasimama, mikono ubavuni, mpaka uitwe. Mbuzi wa jirani walioingia bustanini mwake aliwafukuza kwa Kifaransa, kwa maelezo kwamba Kiswahili hawakisikii. Sijui kama Kifaransa walikisikia, ila walitoka.

Haki yake ya kutufundisha Ulaya ilitokana na jambo moja: alikuwa amefika. Zamani, kabla sisi hatujazaliwa, alipelekwa Ubelgiji kwa mafunzo ya wakuu wa shule. Muda wa mafunzo hayo ulitegemea nani anasikiliza. Kwa mgeni mtulivu ulikuwa wiki chache. Kwa mtu aliyethubutu kumbishia ulirefuka mpaka karibu mwaka. Mume wake, aliyejua ukweli, alikuwa akipata kazi ya ghafla uani kila mazungumzo yalipofika hapo.

Mimi nilifika mikononi mwake nilipomaliza chuo kikuu. Nilisomea maji ya migodi, yaani yale maji ya kijani yanayobaki kwenye mashimo ya migodi kama ule uitwao Mashamba, na jinsi ya kuyasafisha kabla hayajaingia mtoni, na chuo kimoja cha kaskazini mwa Uswidi kilinikubali kwa masomo ya masta, pamoja na ufadhili. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kuingia nchi ile, na ili kukipata lazima niende kuhojiwa ubalozini Kinshasa. Nikikosa kibali, nafasi inapewa mwingine. Mama yangu alifurahi kwa siku moja nzima, halafu akaacha kulizungumzia jambo lenyewe. Akawa anapika tu, anapika mno, kama mtu anayejiandaa kwa msiba.

Direktrisi alifungua atlasi yake ya shule, akaitafuta Uswidi kwa kidole, akapanda nacho juu, juu zaidi, mpaka kidole kikafika mahali ambapo ramani inakaribia kuisha. Akavua miwani. Akamwambia mama kwamba amewaandaa watoto wa Ubelgiji, wa Ufaransa na mmoja wa Kanada, lakini huku hajawahi kumpeleka mtu, na kwa hiyo tutaanza kesho.

Tulianza na baridi. Karibu na soko kulikuwa na ghala la samaki la Hadja, mwanamke wa familia iliyotoka Maniema, ambaye malori ya ndugu zake yalimletea makatoni ya tomsoni, wale samaki wa barafu tunaokula wote. Hadja alikuwa na chumba cha baridi kikubwa kama darasa. Direktrisi alikwenda kukiomba. Hakuomba, kwa kweli. Alimjulisha Hadja kwamba chumba kitatumika. Basi kila asubuhi nikawa nakaa ndani juu ya katoni la samaki, nimejifunga blanketi na skafu, nasoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti, naye Direktrisi amesimama nje mlangoni, kwenye joto, akisikiliza.

Kiingereza hakukijua. Alijua maneno machache, yote ya kuamuru. Hilo halikumzuia kunisahihisha, maana alisema Kiingereza kinaonekana kwenye taya: taya likishuka vizuri, Kiingereza ni kizuri. Nilipofungua mlango alinitazama taya. Likiwa linatetemeka kwa baridi, alisema hiyo ndiyo lafudhi yenyewe.

Siku moja mteja wa Hadja alifungua mlango akitafuta samaki, akaona kwenye ukungu mtu aliyefunikwa kichwa anayesema lugha isiyojulikana. Alikimbia, akaacha kiatu kimoja. Hadja, mtu wa biashara, alilalamika kidogo. Direktrisi alimjibu kwamba mteja anayeogopa elimu hatarudisha deni hata akikopeshwa samaki, na Hadja alipofikiria sana akakubali kwamba huyo hasa alikuwa na tabia hiyo.

Umeme ukikatika na jenereta likigoma, chumba kilianza kupata joto na makatoni kutoa machozi. Nilidhani siku kama hizo napumzika. Direktrisi alisema hapana, hayo ndiyo majira ya kuyeyuka, na kule yanakuja kila mwaka, lazima niyajue. Nikakaa mle mle, kati ya samaki wanaoyeyuka, najifunza. Kwa wiki kadhaa paka wote wa mtaa walinifuata nyumbani.

Somo la pili lilikuwa chakula. Kule hakuna bukari, yaani ugali wetu, alisema, kwa hiyo tumbo lifundishwe kuanzia sasa. Aliniandikia viazi asubuhi, mkate mchana, na jioni supu isiyo na kitu. Alifika nyumbani kwetu wakati wa kula kukagua. Tatizo lake ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuona bukari ikiliwa bila naye kunawa mikono ale. Akaja kukagua, mama akamkaribisha kwa heshima, akakaa, akamega, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akaniambia kwa mdomo uliojaa kwamba mtu wa Ulaya lazima ajinyime. Mimi na kiazi changu tulimtazama. Mama aliinama kana kwamba anaokota kitu, mabega yanamtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu barua ya chuo ifike, na kwa sababu hiyo nilikula viazi vyangu bila kinyongo.

Lakini somo lililotikisa mtaa lilikuwa la kutosalimia.

Direktrisi alikuwa na hakika kwamba watu wa Ulaya hawasalimiani njiani. Wanapita haraka, wanatazama mbele, kila mtu na shida zake. Mtu wetu akifika, anasalimia kila anayekutana naye, anaulizia watoto, anaulizia usingizi, na mwisho wake anachelewa darasani na kudhaniwa mgonjwa. Kwa hiyo nifanye mazoezi. Nitoke kwetu mpaka soko, mwendo wa haraka, bila kumsalimia mtu yeyote.

Nilimwambia kwamba kwetu jambo hilo haliwezekani. Alinijibu kwamba ndiyo maana linaitwa mazoezi.

Nikatoka. Nilimpita fundi wa baiskeli, aliyenipungia mkono, nikatazama mbele. Nilimpita mama wa maandazi, aliyenibeba nikiwa mtoto. Nikatazama mbele, machozi yananilengalenga. Nilimpita pasta wetu. Pasta aligeuka akatembea nyuma yangu hatua kadhaa akidhani sikumwona, akaniita kwa jina, nami nikaongeza mwendo. Nilipofika sokoni habari ilikuwa imenitangulia. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba msichana wa kwa mama fulani hajafika hata Kinshasa, tayari anajiona Mzungu.

Mama alitoka kwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Alieleza kwamba ni masomo. Watu walisema masomo gani hayo ya kudharau wakubwa, naye akawaelekeza kwa Direktrisi, kwa kuwa na yeye hakuyaelewa. Jioni nilirudi kutoa taarifa kwa mwalimu wangu, na kwa kuwa nilikuwa bado kwenye mazoezi, nilipanda barazani kwake moja kwa moja, haraka, natazama mbele, bila kusalimia.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisimama. Aliniuliza nimelelewa na nani. Aliniambia nirudi mpaka barabarani, nije upya, nisalimie kama mtu. Nilirudi mpaka barabarani, nikaja upya, nikasalimia. Akaitikia, akanikaribisha kiti, akanipa maji, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa mazoezi yalikwendaje.

Mchanganyiko wa namna hiyo ndio ulikuwa Direktrisi. Aliweza kukufundisha jambo mpaka ukalijua, na ukilifanya mbele yake akakuadhibu. Alituambia tusibebe mizigo ya kijinga, na siku ya kuondoka anakuja na mfuko wa unga, dagaa wa kapenta waliokaushwa na pilipili, anausukumiza sandukuni huku akikulaumu kwamba sanduku ni zito. Alisema wanaokwenda kusoma na kubaki huko ni watoro, na papo hapo aliwasifu kwa majina, mmoja mmoja, kwa mama zao.

Mwisho kabisa yalikuja mahojiano. Hapo Direktrisi mwenyewe alikuwa balozi. Alikaa nyuma ya cherehani yake, akavaa saa mbili, moja kila mkono, akanitazama juu ya miwani. Kanuni ya kwanza ilikuwa kutocheka. Balozi akicheka, usicheke, ni mtego. Mtu anayecheka anaficha kitu. Kanuni ya pili ilikuwa kutopumua kwa nguvu. Ya tatu siikumbuki, ilihusu magoti.

Aliniuliza kwa nini nataka kwenda Uswidi. Nikisema kusoma, alisema kila mtu anasema hivyo. Nikisema kwa ajili ya maji ya mto Lualaba, alisema hapa unatafuta kumhurumisha balozi. Nikinyamaza, alisema umekataliwa, toka. Nilitoka na kuingia sijui mara ngapi. Mama alikuwa amekaa pembeni siku hiyo, anachambua majani ya sombe kwenye beseni. Alikuwa amekuja kunileta tu, akabaki.

Halafu Direktrisi akauliza lile ambalo nyumbani kwetu halikuwa limeulizwa.

"Ukimaliza masomo, utarudia kwetu?"

"Nitarudia, Mama."

"Sijasikia."

Nikarudia jibu kwa sauti kubwa zaidi. Akasema hajasikia. Nikalisema tena, nimesimama, mikono ubavuni, kwa sauti ya kukariri mashairi siku ya bendera. Akatikisa kichwa, akasema sauti iko midomoni tu, haijatoka tumboni, balozi hawezi kuisikia. Sijui mimi nilipata wapi hasira. Nikapiga kelele kwamba nitarudi, kwamba mama yangu yuko hapa, nitabaki huko nikitafuta nini.

Direktrisi alifungua mdomo kusema tena hajasikia.

"Mi nimesikia," mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye majani.

Direktrisi alimtazama mama, akanitazama mimi. Akavua saa moja, kisha ya pili. Akasema mahojiano yamekwisha, nimepita.

Ubalozini Kinshasa nilipokelewa na dada mmoja kijana, mpole, mwenye kikombe cha chai. Niliingia nikasimama katikati ya chumba, mikono ubavuni, nikangoja kuitwa kama kwenye mstari. Aliniomba nikae. Nililishusha taya na kumjibu kila swali. Kati ya maswali yake, kwa mazungumzo tu, akataka kujua kama nimewahi kuishi mahali penye baridi. Nilikuwa nimeapa kusema ukweli, nikamweleza habari ya chumba cha samaki. Alicheka. Nikakumbuka kanuni ya kwanza, nikajikaza, nikauma ulimi, nikatazama dari. Akauliza samaki walisema nini. Hapo nikashindwa. Nilicheka mpaka skafu aliyonilazimisha Direktrisi kuivaa ikadondoka.

Alipouliza nitafanya nini baada ya masomo, nilimjibu kwa sauti ile niliyofundishwa, ile ya tumboni. Mlango ulifunguka, mlinzi akachungulia kuona kuna nini. Dada yule alimwambia hakuna shida, huyu anasema tu kwamba atarudi kwao. Kibali nilikipata.

Niliondoka mwezi wa nane. Nilishuka kwenye ndege ya mwisho, kaskazini ya Uswidi, nimevaa koti zito la tombola, yaani la mitumba, skafu, glavu, na soksi mbili mbili, tayari kwa lolote. Jua lilikuwa linawaka. Watu walikuwa wamelala kwenye nyasi wamevaa kaptura, wanakula aiskrimu. Kijana aliyetumwa na chuo kunipokea aliniuliza kwa upole kama naumwa. Na njiani kutoka kiwanjani watu wawili walitusalimia.

Baridi ilikuja baadaye, tena ilikuja kwelikweli, na chumba cha Hadja hakikufika hata robo yake. Lakini nilisoma, nikafaulu, nikajifunza kuendesha baiskeli kwenye theluji kama wengine, na masomo yalipokwisha nikarudi Kolwezi, kazini, karibu na mashimo yangu ya maji ya kijani.

Direktrisi hakuwepo tena mtaani. Mume wake alikuwa amefariki nikiwa huko, naye akahamia Kasaji kwa mdogo wake, upande wa magharibi ambako reli inapita, akaanza kulima mananasi. Nilipopata likizo nilimfuata. Nilimkuta amekonda, amezeeka, na magoti yanamsumbua, lakini nilipoingia uani alininyooshea kidole nisimame pale kwanza. Nikasimama. Akaniita.

Alitaka kwenda shambani na mtu wa pikipiki hakuja. Mdogo wake alikuwa na baiskeli ya mizigo. Nilisema nitamwendesha. Alikataa, akasema wanawake wa heshima hawabebwi kama gunia la makaa. Baadaye kidogo akaniuliza kama kweli najua. Tukamkalisha kwenye karia, upande upande, na mwavuli amefungua, tukatoka.

Barabara ya Kasaji ni ya mchanga. Nilikanyaga kwa shida, yeye nyuma akiamuru kushoto na kulia. Tulipita kituo cha reli, tukapita soko dogo, na nyumba zikaanza kupungua. Kisha, nikiwa siuoni uso wake, aliniuliza nilifika Uswidi mwezi gani.

"Wa nane, Mama."

"Kulikuwa baridi?"

Niliendelea kukanyaga. Nilifikiria kudanganya. Lakini ni yeye aliyenifundisha kujibu.

"Kulikuwa joto, Mama. Watu walikuwa na kaptura."

Alihamishia mwavuli mkono wa pili, nikakiona kivuli chake kikihama mchangani. 

"Mi nilienda mwezi wa saba," akasema. "Wiki tatu tu. Jua kila siku. Nilinunua hata kofia ya jua. Nilirudia hapa, batu bote banakuya, banajaa kwa baraza, banataka kusikia baridi ya Bulaya. Nitabaambia nini, mutoto yangu? Kulikuwa moto? Moto tuko nayo."

Nilicheka mpaka usukani ukanitoka, tukaingia kwenye mchanga mwingi na kusimama. Na yeye alicheka, kicheko ambacho sikukijua, chembamba, cha msichana, mkono umeshika mgongo wangu asianguke. Alisema marehemu mume wake peke yake ndiye aliyejua, na kwamba mtu yule, kwa upole wake, hakumsaliti hata mara moja. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikasubiri atulie, tukaondoka tena.

Karibu na shamba tulimkuta mama mmoja anaanika mihogo kando ya njia. Alimsalimia Direktrisi kwa kupiga magoti kidogo, akauliza huyu anayekuendesha ni nani. Direktrisi alijiweka sawa kwenye karia, akafunga mwavuli. Alisema ni mwanafunzi wake, ametoka Uswidi. Mama wa mihogo akauliza kama huko ndiko kwenye baridi inayosemwa.

Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Direktrisi alimweleza. Alimweleza kwamba kule ukitema mate yanafika chini yakiwa jiwe. Kwamba watu wanalala wamepangwa kama tomsoni, mgongo kwa mgongo. Kwamba ng'ombe wanavalishwa mablanketi, na asiyevalishwa anatoa maziwa yaliyoganda. Alisema bila haraka, sauti ya darasani, mkono mmoja begani mwangu.

Mama wa mihogo alinigeukia mimi, niliyetoka huko. Akaniuliza kama ni kweli.

Nilimwambia ni kweli yote. Nikaongeza kwamba ng'ombe wazee huvalishwa na soksi.

Mama yule alitikisa kichwa kwa kuwahurumia ng'ombe, akatuchagulia mihogo miwili mizuri ya njiani, nasi tukaendelea kwenda shambani.